Aliyepumzika Kuliko Wote

Kijiko cha dawa kilikuwa kimefika mdomoni mwa mama simu ilipolia.

Binti aliufahamu mlio ule. Alikuwa ameshausahau, kama mtu anavyosahau jino lililowahi kumtesa.

"Pokea, mwanangu," mama alisema kutoka kwenye mto. "Mimi na dawa hatuendi popote."

Ilikuwa simu ya kazini. Mtambo wa malipo wa duka moja umegoma, foleni imefika barabarani, na fundi wa zamu ni yeye.

Haiwezekani. Alivuta kompyuta mapajani. Kanuni ya kupanga zamu aliitunga mwenyewe, kwa lugha ya kompyuta ya Java, mama alipolazwa kitandani na simu za alfajiri zikawa zinammaliza. Zamani, nafasi ya mtu wa zamu ikiachwa wazi, programu iliwapigia mafundi wote. Yeye akaifundisha kupima kwanza: nafasi ikiwa wazi, itafute aliyepumzika kuliko wote, iandike jina la huyo. Ila mtu akijaza jina kwa mkono, isiguse kitu.

Tangu hapo simu yake ilinyamaza. Wenzake wakamsifu; hata wao walikuwa wanalala.

Popo ndiye hakusema kitu. Huyo alikaa meza ya pili, na jina hilo alipewa kwa kusinzia mchana kweupe: mkutanini, kwenye ngazi, kikombe kikiwa mkononi.

"Usiku huyu anaiba kuku," walimtania.

Popo alicheka, macho mekundu kama pilipili, kisha akamgeukia binti. "Mama ameamkaje?" Kila asubuhi, swali hilohilo.

Jana mkuu alimwita binti ofisini. "Wewe ndiye jirani yake. Ni kweli analala kazini?"

Binti alitazama viatu vyake. "Ni kweli."

Jioni Popo alirudisha kitambulisho, na jina lake likafutwa kwenye mfumo.

Na leo, bila hata siku kupita, kanuni imeharibika. Kama simu hizi zimerudi, nani atamgeuza mama kitandani? Binti alisugua macho, akaanza kulitafuta kosa.

Hakukuwa na kosa. Nafasi ilikuwa wazi. Programu imepima, ikamkuta yeye ndiye aliyewahi kuchukua likizo ndefu kuliko wote, ile ya kumwuguza mama. Ikaihesabu kuwa mapumziko.

Akarudi nyuma, juma hadi juma, kuona ilivyokuwa ikichagua.

Haikuwahi kuchagua mtu. Tangu siku ya kwanza nafasi ilijazwa kwa mkono, na jina ni moja tu, lile lililofutwa jana.

Akapiga simu. Ilipokelewa kabla haijaita mara ya pili.

"Mama ameamkaje?"

"Kwa nini hukuniambia?"

Popo alipiga mwayo mrefu. Kisha, taratibu, akasema, "Nilitaka wewe ulale."