Mwalimu Fisi na Somo la Kufunga

Fisi alifundisha dini katika shule ya msingi, na somo la saumu hakuna aliyelieleza vizuri kama yeye. Adhuhuri moja ya mfungo njaa ilimzidi, akamwambia Ndama wa Nyati abaki wenzake wakienda nyumbani. Ndama akayaona mate ya mwalimu yakidondoka, akakimbilia darasani na kutia komeo.

"Fungua, mwanangu," Fisi alibembeleza mlangoni.

"Kwani mwalimu hujafunga?"

"Nimefunga."

"Hata mimi nimefunga. Na ulitufundisha mwenyewe, hakuna kufungua kabla jua halijazama."

Fisi alitafuta kosa katika jibu hilo, asilione. Akakaa kizingitini.

Magharibi Mama Nyati alikuja na pembe zake, akauliza kama mtoto anaelewa masomo.

"Somo limemwingia," Fisi akajibu, akaenda kutafuta futari kwingine.