Mbuzi Wasiohesabiwa

Mbuzi wa arobaini alimpiga Naipei teke la goti, lakini alipakwa rangi hivyo hivyo. Alama moja nyekundu katikati ya paji la uso, sawa na wenzake thelathini na tisa.

"Huyo anaumwa nini?" aliuliza Babu Sitonik, akiwa kwenye kigoda chake langoni mwa zizi, kule kijijini Bonga.

"Haumwi, Babu. Ni utafiti."

"Si unasomea udaktari wewe?"

"Udaktari wa takwimu. Na sijaanza, naomba nafasi tu."

"Daktari wa namba." Babu alitema mate pembeni. "Na mgonjwa wake ni nani?"

Naipei alicheka kwa shida, maana mgonjwa alikuwa yeye. Alikuwa mwaka wa mwisho wa shahada ya kwanza huko Dodoma, na kulikuwa na vyuo vitatu vya ng'ambo vinavyopokea watu wa kuruka kutoka pale moja kwa moja hadi udaktari. Alama za hesabu alikuwa nazo. Insha ya kujieleza alikuwa ameiandika mara tisa. Barua za mapendekezo za walimu wawili zilishatumwa. Iliyobaki ni ya Dk. Luqmani, na huyo hakuwa mtu wa kubembelezwa.

"Nitumie utafiti ulioufanya kwa mikono yako," alimwambia kwa simu asubuhi. "Ukinifikia Ijumaa saa sita mchana, nakuandikia barua. Usiponifikia, nakutakia maisha mema."

Siku hiyo ilikuwa Jumatano.

Ndipo Naipei alipowakumbuka mbuzi wa babu yake. Bonga nzima hakuna aliyejua idadi yao. Kumuuliza Sitonik ana mbuzi wangapi ilikuwa kama kumuuliza atakufa lini. Yeye alishikilia la wazee wake: anayehesabu mifugo anaiitia balaa.

"Mimi sitawahesabu," Naipei aliapa. "Hawa wenye rangi tunawaachia wachanganyike na wenzao. Keshokutwa tunakamata thelathini bila kuchagua. Wenye rangi wakiwa wachache, kundi ni kubwa. Wakiwa wengi, kundi ni dogo. Namba inatoka yenyewe."

"Bila kuwaona wote?"

"Hakuna haja. Hata walioko porini wanaingia humo humo kwenye hesabu."

Babu alikuna kidevu.

"Na watu wenye akili zao wanaamini hivyo?"

"Dunia nzima, Babu."

"Basi paka vizuri," alisema. "Huyo wa mwisho rangi haijashika."

Alhamisi mvua ilinyesha kutwa. Naipei alishinda dirishani nyumbani kwa mama yake, kijiji cha jirani cha Singe, akijilaumu kwa kununua rangi ya maji. Rangi ikitoka, utafiti umekufa, na barua imekufa, na ng'ambo ataiona kwenye simu.

Ijumaa saa tatu asubuhi aliingia kwa Babu na matope hadi magotini. Alikuta wazee watatu wanakunywa chai. Walikuwa Mzee Kimaren kutoka Simanjiro na ndugu zake wawili, wamekuja kujadili mahari ya binti yao, anayeposwa na Kuyioni, baba yake mdogo Naipei. Akainamisha kichwa kuwaamkia, wakamgusa utosini mmoja mmoja, kisha akakimbilia zizini.

Rangi ilikuwa haijatoka! Karibu apige vigelegele.

"Mbona leo wachache, Babu?"

"Wengine wametangulia malishoni. Si ulisema hakuna haja ya kuwaona wote?"

Alisema kweli. Na saa ilikuwa inakimbia. Naipei alimfunga Kuyioni macho kwa mtandio ili asichague, akamwingiza zizini. Bwana harusi mtarajiwa alipapasa, akajikwaa, akakumbatia nguzo.

"Huyo ndiye wa kumpa binti yetu?" aliuliza ndugu mmoja wa Kimaren.

"Akiwa hajafungwa anaona," Babu alimjibu.

Mbuzi wa kwanza alikuwa na rangi. Naipei akaandika. Wa pili alikuwa na rangi, na wa tatu pia. Kufika wa kumi, tabasamu lilikuwa limemtoka. Kufika wa ishirini, alikuwa anachungulia kila paji mara mbili. Thelathini walikamatwa, na thelathini wote walikuwa na rangi.

"Haya, msomi!" Babu aliita kwa sauti ya mkutano. "Waambie wageni. Kwa kanuni yenu, mbuzi wangu wote ni wangapi?"

"Kwa kanuni... arobaini. Lakini, Babu..."

"Arobaini! Mkwe, hayo si maneno yangu. Mimi siwahesabu, unanijua. Hiyo ni elimu."

Mzee Kimaren aliichukua karatasi, akaigeuza upande wa pili, akaigeuza tena.

"Na walioko porini, binti, wamo?"

"Kwa kanuni, wamo," alijibu Naipei.

Kimaren alishusha pumzi. Akanong'onezana na ndugu zake, akamrudia Babu kwa huruma.

"Nilikuja kudai thelathini, mkwe. Sikujua hali yako. Toa wanane, tuwaache watoto waoane."

Wakashikana mikono. Ilikuwa saa tano kasoro. Naipei alisimama katikati ya zizi, machozi yanamlengalenga, mkononi ana utafiti ambao hata yeye asingempa mtu barua kwa ajili yake.

Babu alimwita. Alipoinamisha kichwa, mzee akamwekea kiganja juu ya nywele kama anayembariki, akamsogelea sikioni.

"Acha kulia. Mwandikie mwalimu wako mia mbili na kumi na saba," alinong'ona. "Niliwahesabu wote jana kwenye mvua, tulipokuwa tunawahamishia wasio na rangi kule Sigino."