Twende Kilioni

Bi Mwanakombo, msusi, alishika nywele za utosini mwa Tausi, akavuta, akasokota. Mara ya mwisho zilimbakia mkononi, maana Tausi alikuwa ameacha ugali, wali, hata muhogo, ili apungue. Sasa alikuwa na miezi sita tangu arudie kula, na roho ilikuwa juu.

"Zimeshika!" msusi akasema. "Ila bado fupi, mwanangu. Zitakubali mistari ya twende kilioni tu, ile ya harakaharaka ya kuendea msibani."

"Nisuke hiyohiyo, mama. Kilioni siendi."

"Na kile kiuno cha nyigu?"

"Kimehama."

Saluni nzima ikaangua kicheko.

Mistari ilipotimia minane, Tausi alitoka kichwa wazi, akanunua andazi la moto, akasimama juani akilitafuna taratibu.