Sahani ya Pili

Siku hizi anayeomba kazi ya kuandika programu hahojiwi yeye. Inahojiwa nyumba anayoishi. Mtihani wa programu Nyamizi alishaupita. Kilichomnyima usingizi ni swali moja ambalo nyumba ingeulizwa: huyu anaishi vipi na watu?

Basi mwezi mzima, kila jioni, akapakua wali sahani mbili, akachafua vikombe viwili, akaongea na kucheka peke yake sebuleni mpaka mbavu zikamuuma.

Jumatatu asubuhi kampuni ikapiga simu kwa nyumba. Nyamizi alisimama jikoni, roho mkononi.

"Ni mtu wa watu," nyumba ilijibu. "Ana mwenzake. Hawajagombana hata siku moja."

Kazi akaipata. Jioni ile akala sahani moja tu, akaiosha, akazima taa.

Taa ikawaka yenyewe.

"Dada Nyamizi," nyumba ikasema kwa upole, "mwenzako hajala. Mmegombana? Maana itabidi niwaarifu kazini."

Nyamizi akakitazama kiti kitupu. Kisha akashusha sahani ya pili, akapakua wali.

"Karibu," akakiambia. "Nisamehe, nilijisahau."