Kioo Juu ya Ufa

Shekiondo, mkaguzi wa majengo, ndiyo kwanza alikuwa amefungua ofisi yake, na muhuri wake mpya haukuwa umegusa karatasi yoyote. Asubuhi alibandika kipande cha kioo juu ya ufa wa ukuta, chini ya ukumbi wa baba mkwe wake. Ukuta ukisogea, kioo kitapasuka.

Baadaye, papo hapo chini, baba mkwe akamnyooshea cheti. “Gonga muhuri hapo kwamba ukumbi ni salama, mwanangu. Wageni wa harusi wameshafika.”

“Baba, kanuni zetu zinakataza kukagua mali ya ndugu.”

“Na binti yangu, mkeo, atakula kanuni?”

Shekiondo akafungua kikopo cha wino, akauchukua muhuri. Juu, vigelegele vikapaa, ngoma ikaanza.

Kioo kikalia ta!

Akautupa muhuri, akazikimbilia ngazi za kupanda ukumbini. Nyuma yake, vumbi jembamba lilianza kumwagika juu ya wino.