Breki za Trekta la Sanit

Kamphon alichovya kidole kwenye oili aliyoimwaga kutoka giaboksi, akakisugua kwa kidole gumba, akakiinua juani. Alikuwa anatafuta vumbi la chuma, dalili ya gia zilizosagika. Hakuliona. Oili ilikuwa nyeusi kwa uzee, lakini haikuwa na hata chembe.

"Umepata nini?" aliuliza Mama Bualai. Alikuwa amekaa kwenye kitanda cha mianzi uvunguni mwa nyumba iliyoinuliwa juu ya nguzo, na nguo zake nyeusi za msiba.

"Bado, mama."

"Usiniite mama."

Kamphon aliinamisha kichwa, akaendelea na kazi. Tangu utoto alikuwa anakula kwenye nyumba ile. Yeye na Sanit walichunga nyati pamoja, wakaoga mfereji mmoja, wakaoa mwaka mmoja. Sanit alikuwa mtoto pekee wa mama huyu, na kabla ya msimu wa kuvuna mihogo alimletea Kamphon trekta lake kuukuu abadilishiwe viatu vya breki. Kamphon akabadilisha. Msimu haukuisha. Kwenye mteremko wa kuingia barabarani, na tela limejaa mihogo nyuma, trekta liligeuka ghafla upande mmoja kama mbwa anayefukuza mkia wake, likapinduka, likamlalia Sanit.

Majivu ya mwanawe hayajapoa, Mama Bualai alisimama mbele ya watu akasema, "Kamphon ndiye aliyeniulia mwanangu."

Toka hapo hakuna aliyemletea Kamphon hata pampu ya maji. Mkewe akifika sokoni, mazungumzo yanakatika. Hayo angeyavumilia. Kilichomtafuna ni kwamba yeye mwenyewe hakuwa na hakika. Alilala akizifunga nati zile upya kichwani, moja baada ya nyingine, na kila mara kulikuwa na moja asiyoikumbuka.

Ndipo akaenda kwa mwenyekiti wa kijiji, mzee Bunlop. "Nipe ruhusa nilifungue trekta mbele ya mama yake," alisema. "Kosa likiwa langu, nafunga karakana na kuhama. Likiwa si langu, naomba mama ajue tu."

Sasa trekta lilisimama uani, matope ya mteremkoni yamelikaukia. Tangu likokotwe kutoka kule, hakuna mtu aliyetaka kuligusa.

Kamphon alipanda akajaribu gia. Mara nyingi trekta zee huchomoka gia likiwa mteremkoni, likabaki linaserereka lenyewe. Aliingiza gia nzito, akamwomba mwenyekiti alisukume kwa bega. Halikusogea.

"Giaboksi ni nzima," alisema.

"Basi ni breki," alisema Mama Bualai. "Breki ulizozigusa wewe."

Kamphon aliliinua trekta kwa jeki. Aliling'oa gurudumu la kushoto, akafungua. Viatu vya breki vilikuwa vikavu, havijaonja hata tone la oili, unene wake kama siku alipovifunga. Akafungua kulia. Vilevile. Akalala chali chini ya trekta, akazipitia nati kwa spana moja moja, na kila moja ilimkatalia kugeuka. Hata ile asiyoikumbuka.

Alibaki pale chini kwa muda, mkono umemfunika macho. Mwenyekiti alidhani vumbi limemwingia.

Alipotoka alizijaribu pedeli kwa mkono. Aliikandamiza ya kulia, ikashuka. Ya kushoto ikabaki juu, imetulia. Kati yazo, komeo dogo la chuma la kuziunganisha lilikuwa limefunguliwa.

Kila mkulima wa pale alilijua komeo lile. Shambani hufunguliwa ili ukanyage breki ya upande mmoja, ukate kona kwa urahisi. Ukitoka kwenda barabarani unalifunga, pedeli zishuke pamoja. Usipolifunga, ukakanyaga moja kwenye mteremko na mzigo nyuma, trekta linakugeuka.

"Mama," alisema Kamphon polepole, "siku ile Sanit alilima kwanza?"

"Alime saa ngapi? Lori la mnunuzi lilikuwa linamngoja kule barabarani." Sauti ya mama ililainika kwa mara ya kwanza. "Nililima mimi. Nilimwekea wali wa kunata na samaki wa kuchoma, nikamwambia, kula mwanangu, usihangaike, zile kona nazimaliza mimi. Mimi trekta hili nimeliendesha yeye akiwa mgongoni. Nikalirudisha hapa hapa uani, sikulizima, nikamsaidia kufunga tela. Yeye ni kupanda na kuondoka tu."

"Sawa, mama."

"Akacheka, akasema nitamdekeza mpaka azeeke." Alijipangusa mashavu kwa ncha ya kitenge. "Hilo ndilo linalonipa usingizi kidogo, nikiupata. Kwamba siku ile nilimpunguzia kazi. Kwa nini unauliza?"

"Nilitaka kujua tu."

Mwenyekiti alikuwa amekwenda kwenye mtungi kunywa maji, amelipa trekta mgongo. Mama Bualai aliinama akalia bila sauti, uso ameuficha kwenye kitambaa.

Kamphon alilisukuma komeo kwa kidole gumba mpaka likaingia mahali pake. Halafu akaokota spana, akarudi chini ya trekta, akaishika ile nati asiyoikumbuka, akaigeuza kushoto kwa nguvu zake zote, akaigeuza tena, mpaka ikacheza.

"Mwenyekiti," aliita kutoka kule chini, "njoo uone. Hii hapa sikuikaza."