Futi Mbili na Nusu

Bawaba zilishafungwa ukutani, sebuleni kwao Kasulu. Isihaka alibakiza kukata mbao za kitanda chenyewe, cha kuteremshwa usiku na kuinuliwa asubuhi ili mkewe apate nafasi ya cherehani.

Muda wote aliamini anamtengenezea mama yake, anayekuja kutoka Muyama kutibiwa.

"Nikate upana wa futi nne?" akauliza. "Mama atakuja na mjukuu."

"Kata mbili na nusu," mkewe akajibu. "Si cha mama. Ni changu."

"Mpaka lini?"

"Wewe kata tu."

Isihaka akapiga mstari wa penseli juu ya ubao wa mninga, akaanza kukata. Alingoja hasira, haikuja. Alingoja uchungu, nao haukuja. Vidole tu vilimfia ganzi, akawa anatazama unga mwekundu wa mbao ukimwagikia ndala zake. Miaka kumi na tisa walilala kitanda kimoja, na hakukumbuka ni lini walizungumza humo mara ya mwisho.

Ubao ukaanza kucheza. Mkewe akainama, akaushika upande wa pili kwa mikono miwili, akaukaza mpaka msumeno ukapita.

"Lete mwingine," akasema.